Picha Tatu za Kifua cha Shangazi

Kwa muda mrefu nimeahirisha kuandika makala haya. Katika ukurasa huu nimezoea kuandika juu ya Katiba, bajeti na mienendo ya wenye madaraka. Nimewakosoa wengi, na baadhi yenu mmenikosoa kwa haki. Leo namkosoa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Kosa lenyewe nililitenda mwezi Julai mwaka 2009, nyumbani kwetu Songambele, nikiwa nimesimama dirishani na filamu ya eksirei mkononi. Nililitenda kwa nia njema na kwa sauti ya mtu aliyesoma, na lingeweza kumuua mwanamke aliyenilea.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Songambele ni kata mojawapo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi yetu, mkoani Kagera, si mbali na mpaka wa Uganda. Wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012, tulihama wilaya bila kuhama nyumba. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Huku kwetu wafu huzikwa shambani, chini ya migomba, karibu na walio hai, na ndiyo maana historia ya UKIMWI hatukuisoma kwanza vitabuni. Wagonjwa watatu wa mwanzo waliotambuliwa nchini walitokea mkoa huu mwaka 1983. Mtoto aliyekulia Kagera katika miaka iliyofuata alijifunza kuhesabu kwa makaburi. Baba na mama yangu wamelala katika shamba hilohilo. Aliyenichukua ni shangazi, dada yake baba, akanisomesha kwa fedha ya kahawa ya maganda mpaka nikafika chuo kikuu.

UKIMWI haukuja peke yake. Ulifuatana na ndugu yake mkubwa, kifua kikuu. Mapema miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa ikiorodhesha wagonjwa wa kifua kikuu wapatao elfu 12 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi hiyo ilikuwa imepita elfu 60. Vimelea vya ugonjwa huu vinaweza kulala ndani ya mwili wa mtu miaka mingi bila kumdhuru, kwa sababu kinga yake imevizingira. Virusi vya UKIMWI vikiiangusha kinga hiyo, vimelea huamka. Hayo nilikuwa nayajua mwaka 2009, na ningeweza hata kuyatolea mhadhara. Nisilolijua ni jinsi ya kusoma picha.

Picha ya kwanza ya shangazi ilipigwa mwezi Aprili mwaka huo. Alikuwa akikohoa tangu Februari, analowana jasho usiku, na kanga aliyokuwa akiizungusha kiunoni mara moja sasa ilizunguka mara mbili. Binamu yangu alimpeleka hospitali, ambayo sitaitaja. Makohozi yalipimwa kwa hadubini, vimelea havikuonekana. Picha ya kifua ikapigwa, ikaonekana safi. Walimpa vidonge vya kutibu maambukizi ya kawaida wakamrudisha nyumbani. Binamu alinipigia simu Dar es Salaam akiwa na furaha: “Kaka, picha imetoka safi kabisa, si TB!” Nikamshukuru Mungu, nikarudi kusahihisha mitihani.

Haikuwa kweli. Kufikia Mei mitoki ilikuwa imevimba shingoni mwake. Tabibu mmoja mwenye subira katika kituo kingine aliingiza sindano kwenye mtoki, akavuta usaha, akautazama kwa hadubini, na vimelea vilikuwamo. Akamshauri apime virusi, naye vilevile akakutwa navyo. Chembechembe za CD4, zile zinazopima nguvu ya kinga, ambazo kwa mtu mwenye afya kwa kawaida huzidi 500, kwake zilikuwa chini ya 50.

Nilipokuja kuelezwa baadaye kwa nini picha ile ilikuwa safi, nilijiona kama mtu aliyesoma kitabu kutoka nyuma kwenda mbele. Eksirei haionyeshi vimelea. Ni vidogo mno. Weupe tunaouona kwenye mapafu yenye kifua kikuu, na yale matundu yanayochimbika sehemu za juu za mapafu, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mwili wenyewe unapopigana: kinga inakusanya askari wake, inajenga ngome, inachoma, inabomoa. Mtu mwenye kinga imara akiugua, vita hivyo vinaonekana wazi pichani. Mtu ambaye kinga yake imeanguka hana jeshi la kupeleka. Mapafu yake yanaweza kuwa na weupe hafifu sehemu za chini ambako watu hawakutazamia, au punje ndogondogo zilizotapakaa, au tezi zilizovimba katikati ya kifua, au maji. Na wako wengine, hasa wale ambao CD4 zao zimeshuka sana, ambao picha zao hazionyeshi kitu. Kwao ukimya wa picha si amani. Ni nyumba iliyovamiwa ambayo mbwa wake ameshindwa kubweka.

Shangazi alianza dawa za kifua kikuu katikati ya Mei: vidonge vyenye dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Mkojo wake ukawa na rangi ya chungwa, jambo ambalo alikuwa ameelezwa alitarajie, kwa hiyo halikumtisha. Wiki nne baadaye, katikati ya Juni, akaanzishiwa dawa za kufubaza virusi, ambazo serikali ilikuwa imeanza kuzitoa bila malipo tangu mwaka 2004. Kwa siku za mwanzo kila simu iliyonifikia ilikuwa ya heri. Homa imekwisha. Amekula ndizi akamaliza sahani. Ametoka nje kuwafokea watoto walioingiza mbuzi kwenye kahawa. Kwa sisi tunaomfahamu, kufoka huko kulikuwa kipimo kizuri cha afya.

Nilifika nyumbani kwa likizo mwezi Julai, baada ya siku mbili za basi na safari ya pikipiki kutoka Nkwenda. Nilimkuta kitandani. Homa ilikuwa imerudi wiki moja kabla, kali kuliko ya mwanzo. Mitoki ya shingo ilikuwa imekua kiasi cha kumpinda kichwa. Alikuwa anahema kwa shida. Siku mbili kabla alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya pili, na filamu ilikuwa juu ya meza ndani ya bahasha ya kaki, ikisubiri siku ya kliniki. Watu wa nyumbani walikuwa wamekaa kimya. Nikatambua kwamba walikuwa wananisubiri mimi.

Nikaitoa ile filamu, nikaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Sikuwa daktari, nafundisha sayansi ya siasa. Lakini hata asiye daktari angeona. Picha ya Aprili, iliyohifadhiwa katika bahasha hiyohiyo, ilikuwa na mapafu meusi na wazi kama usiku usio na wingu. Hii ya Julai ilikuwa na mabaka meupe pande zote mbili, kivuli kipana katikati ya kifua, na chini ya pafu la kulia weupe uliotulia kama maji katika bakuli. Kumbe alianza matibabu akiwa na mapafu safi, na baada ya majuma saba ya kumeza dawa ana mapafu haya! Nikageuka, nikawaambia: “Dawa hizi hazimfai. Zinamuua. Hizi mpya hasa.” Mjomba mmoja akaongeza kwamba vidonge vya kifua navyo ni vikali mno kwa mtu aliyekonda, tumpumzishe kwanza. Sikubisha. Shangazi alinitazama kutoka kitandani akauliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, umesoma hivyo?” Nikajibu, “Ndiyo, shangazi.”

Siku hiyo hakumeza kitu. Wala ya pili, wala ya tatu, wala ya nne.

Wakati huo mpango wa taifa ulikuwa tayari unaruhusu mgonjwa kumezea dawa nyumbani mbele ya msimamizi anayemchagua mwenyewe. Msimamizi wa shangazi alikuwa jirani yetu, mama aliyeishia darasa la saba, ambaye kila asubuhi alipita akielekea shambani, akamtazama akimeza, kisha akatia alama kwenye kadi. Tulipomwambia kwamba familia imeamua kusimamisha dawa, hakubishana na mimi. Si desturi, na mimi nilikuwa mgeni msomi kutoka Dar es Salaam. Alitazama tu kadi yake. Siku ya nne, visanduku vinne vikiwa vitupu, alikwenda zahanati kwa miguu akaripoti.

Jioni ile tabibu alifika kwa pikipiki. Alimwamkia shangazi kwanza, “Shikamoo, mama,” akakaa kando ya kitanda, akamshika mkono. Aliuliza maswali ambayo mimi sikuuliza hata moja. Kabla ya siku hizi nne, alikuwa anameza kila siku? Kadi ikajibu: kila siku. Homa ilirudi siku gani? Dawa za kufubaza virusi alianza lini? Akahesabu kwa vidole: wiki tatu. Kabla ya hapo alikuwa anaendelea vizuri? Vizuri sana. Kisha ndipo akatazama picha, zote mbili, ya zamani kwanza na mpya baadaye, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jambo analolijua.

“Mama,” akasema, “dawa zako hazijashindwa. Inaelekea kinga yako inaamka. Ilipokuwa imelala, haikuwaona adui zako. Sasa imewaona wote kwa pamoja, wakiwa hai na waliokufa, na imekasirika. Mvurugo huu ndio unaokupa homa, ndio uliovimbisha mitoki, na ndio unaoonekana humu pichani. Tutahakikisha kwanza kwamba si kitu kingine. Lakini dawa usiache.”

Shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. “Kama wakati wa vita ya Amin. Walipoingia mwaka 1978 tulisikia kidogo tu. Mizinga iliyotutikisa usiku kucha ilikuwa ya jeshi letu lilipokuwa linawarudisha kwao.” Tabibu akacheka, akasema hivyo hasa. Kesho yake asubuhi jirani alipita, akamtazama akimeza, akatia alama.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu baadhi yenu mna wagonjwa nyumbani. Tabibu yule hakusema kwamba kila picha inayozidi kuwa mbaya ni habari njema. Huo ungekuwa ujinga mwingine, pacha wa ule wangu. Mgonjwa anayezidiwa akiwa kwenye matibabu anaweza kuwa na vimelea sugu visivyosikia dawa, anaweza kuwa hamezi, au dawa hazifyonzwi mwilini, au amepata maradhi mengine juu ya yale ya kwanza. Ndiyo maana shangazi alipelekwa tena hospitali, makohozi yakapimwa na kupelekwa kuoteshwa ili kuchunguza usugu, maji ya kifuani yakavutwa. Mtikisiko wa kinga inayorejea hutajwa baada ya hayo mengine kuondolewa moja baada ya jingine. Yalipoondolewa, alipewa prednisoloni kwa majuma kadhaa kutuliza hasira ya kinga, huku akiendelea na dawa zake zote. Kufikia Septemba alikuwa anafoka tena. Novemba alimaliza miezi 6. Alikuwa ameanza na kilo 41. Siku ya mwisho mizani ilisoma 53.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2011, nilisoma matokeo ya utafiti uliofanyika Kambodia kwa wagonjwa 661 waliokuwa na kifua kikuu na virusi, wengi wao wakiwa na kinga iliyoporomoka kama ya shangazi. Nusu yao walianzishiwa dawa za kufubaza virusi wiki mbili baada ya kuanza dawa za kifua kikuu, na nusu wiki nane. Walioanza mapema walipatwa zaidi na mtikisiko wa kinga, zaidi ya mara mbili. Lakini waliokufa miongoni mwao walikuwa 59 kati ya 332, ilhali katika kundi lililocheleweshwa walikufa 90 kati ya 329. Nilizisoma tarakimu hizo mara nyingi. Kundi lililozidiwa zaidi njiani ndilo lililoishi zaidi. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za virusi zianzishwe ndani ya wiki mbili za mwanzo kwa karibu wagonjwa wote wa aina hii, isipokuwa wale ambao kifua kikuu kimeshika utando wa ubongo. Maana yake ni kwamba watakaopita katika bonde alilopita shangazi ni wengi. Na kila mmoja wao ana ndugu msomi.

Lipo jambo jingine linaloniumiza kama Mtanzania. Somo la kutoitegemea picha peke yake halikutoka ng’ambo pekee. Sehemu yake kubwa lilifundishwa hapa kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari aliyezaliwa Chekoslovakia. Nchi ilikuwa maskini, mashine za eksirei chache, umeme haba. Mpango ukajengwa juu ya hadubini, makohozi, dawa zisizokatika, daftari linalomfuata kila mgonjwa hadi mwisho, na mtu wa kumwona akimeza. Makohozi hurudiwa kupimwa wakati wa matibabu, na kwa yale yaliyokuwa na vimelea, uponyaji hutangazwa pale vinapotoweka, wala si pale picha inapopendeza. Mfano huo wa Tanzania ulikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza duniani kote katikati ya miaka ya 1990. Kadi ya jirani yetu ilikuwa mjukuu wa mpango ule. Dunia ilikuja kujifunza kwetu, na mimi niliyesomeshwa na kodi za nchi hiyohiyo nilimkemea mwenye kadi kwa kunyanyua filamu dirishani.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ipo picha ya tatu.

Mwaka 2016 shangazi alikuwa amemtembelea binti yake jijini Mwanza akapatwa na homa na kikohozi. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha. Daktari kijana aliona mistari na uvimbe mgumu sehemu ya juu ya pafu la kulia, akasikia kwamba mgonjwa anaishi na virusi na aliwahi kuugua kifua kikuu, akaanza kujaza fomu ya kumrudisha kwenye dawa kwa miezi 6 mingine. Sikumlaumu, alikuwa akifanya kile ambacho mwaka 2009 hospitali ya kwanza ilishindwa kufanya, yaani kushuku. Shangazi alimwomba asubiri. Kutoka katika mkoba wake alitoa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na filamu zake zote, pamoja na ile iliyopigwa Novemba 2009 siku alipomaliza dawa. Wakaziweka mbili pamoja kwenye kisanduku cha taa. Ile mistari ilikuwa mahali palepale, kwa ukubwa uleule. Lilikuwa kovu. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, hayakuwa na kitu. Alitibiwa nimonia ya kawaida akapona kabla ya siku kumi.

Picha ya kwanza ilikuwa safi, naye alikuwa mgonjwa mahututi. Ya pili ilikuwa mbaya, naye alikuwa anapona. Ya tatu ilikuwa na kasoro, naye alikuwa hana ugonjwa huo kabisa. Mara tatu picha ilisema kweli juu ya kile ilichokiona, na mara tatu msomaji aliyeisoma peke yake, bila tarehe, bila makohozi, bila kadi, bila mgonjwa mwenyewe, alielekea kukosea. Sisemi kwamba eksirei haina thamani. Inawaibua wagonjwa wengi ambao bado hawajaanza kukohoa, na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosaidia kuisoma mahali pasipo na mtaalamu. Nasema kwamba picha ni shahidi mmoja, na hakuna mahakama inayojiheshimu inayohukumu kwa shahidi mmoja ambaye hakuulizwa swali.

Wanafunzi wangu wataona mara moja ninakoelekea. Hukumu za namna hii hazitolewi vyumbani mwetu tu. Vijana wa Afrika Mashariki wanaoomba kazi katika nchi za Ghuba hupigwa picha ya kifua kabla ya safari, na kovu la zamani linaweza kutosha kumfungia mtu mlango hata kama amepona miaka kumi iliyopita. Uingereza nayo humpima kifua Mtanzania anayetaka kuishi huko zaidi ya miezi sita, lakini picha ikitia shaka, makohozi huchukuliwa na kuoteshwa kabla ya kuamua. Tofauti baina ya utaratibu mmoja na mwingine ni swali moja la ziada. Mwajiri wa hapa kwetu anayemtuma mtumishi mpya kupimwa afya kisha akamkataa kwa sababu ya “mapafu yenye alama” anastahili kuulizwa swali hilohilo.

Kwa watumishi wa umma walio katika halmashauri nina ombi moja tu. Mashine ya eksirei inapozinduliwa, utepe hukatwa na kamera huwa nyingi. Hakuna anayepiga picha ya tabibu akikaa kando ya kitanda kwa dakika ishirini kumweleza mgonjwa kabla ya kumwanzishia dawa: “Baada ya wiki mbili au tatu unaweza kuzidiwa. Ikitokea, usiache dawa, njoo.” Shangazi alikuwa ameelezwa juu ya rangi ya mkojo, na haikumtisha. Laiti angeelezwa juu ya homa na mitoki, swali lake kwangu siku ile lingekuwa jingine, na pengine mimi ningenyamaza. Dakika hizo ishirini ndizo zinazokatwa kwanza wahudumu wanapokuwa wachache, na hazionekani katika taarifa yoyote ya robo mwaka.

Kwa wanaharakati: mwambieni mgonjwa atunze picha zake za zamani, zikiwa na tarehe, mahali pakavu. Ni mali yake kama hati ya shamba.

Na kwa wasomi wenzangu, mliotoka Kyerwa, Makete, Tarime au Nachingwea, ambao mkifika nyumbani likizo huletewa barua, fomu na bahasha mzisome: tunapewa heshima hiyo kwa sababu walituuzia kahawa na korosho ili tujue kusoma. Siku ile Songambele, mtu aliyesoma vizuri kuliko wote chumbani alikuwa mama wa darasa la saba aliyeviona visanduku vinne vitupu akaelewa kwamba humo ndimo mlimokuwa na kifo.

Shangazi yu hai. Anaendelea na dawa zake, anavuna kahawa yake, na anazeeka kwa ubishi. Mwezi uliopita nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Akafikiri kidogo. “Andika,” akasema, “ila jina langu usiliweke. Weka lako. Aliyekosea si mimi.”